Umeshtakiwa kwa kazi ya kuwatia usingizi wagonjwa wa upasuaji? Usiguse faili la mgonjwa

Pole sana, daktari. Unasema tangu barua ya wakili ifike hulali, na ukishika laringoskopu, kile kifaa cha kuangalia koo unapoingiza mrija wa hewa, mkono unatetemeka. Hali hiyo huwapata madaktari wa usingizi wengi, hata wasiokosea.

Kwanza kabisa, usiongeze hata nukta kwenye chati ya usingizi, yaani kumbukumbu ya jinsi ulivyomtia mgonjwa usingizi. Nyongeza ya leo hubainika, na kesi ambayo ingeweza kutetewa hufia hapo. Ijulishe bima yako leo hii. Maelezo mpe wakili wako tu, si kundi la WhatsApp la wenzako, maana ujumbe ule unaweza kuitishwa mahakamani.

Mkono unaotetemeka nao usiufiche. Mwombe mkuu wako akupunguzie zamu kwa muda, umwone mshauri nasaha. Hofu isipotibiwa humfanya daktari akatae wagonjwa mahututi, na hao ndio wanaokuhitaji zaidi.

Kesi hizi hazikuzaa machungu tu. Marekani, kuanzia miaka ya 1980, madaktari wa usingizi walichambua madai ya fidia dhidi ya wenzao ambayo kesi zake zilikwisha, wakakuta mengi yalitokana na matatizo ya upumuaji. Uchambuzi huo ulisaidia kueneza kipima oksijeni cha kidoleni unachokitegemea kila siku.