Mti wa AVL wanisumbua

SWALI: Mwalimu, niko mwaka wa tatu kampasi moja hapa Nairobi na hii kozi ya algoriti imenishinda, hasa miti ya AVL, ile njia ya kupanga data ambapo mti unajisawazisha wenyewe upande mmoja ukizidi mwingine kwa urefu. Nimekremu programu yote lakini kwa CAT (mtihani mdogo wa katikati ya muhula) ikibadilishwa kidogo tu nimepotea. Kwani mti wa kawaida wa kutafutia, ule wa namba ndogo kushoto na kubwa kulia, una shida gani? – Mwanafunzi, Kahawa

JIBU: Pole sana ndugu yangu, lakini kukremu wacha kabisa. Chukua karatasi, ingiza 1 hadi 7 kwa mpangilio kwa mti wa kawaida uone vile zinapangana upande mmoja tu, kila namba chini ya mwenzake, yaani hiyo si mti tena ni foleni ya matatu pale Railways saa kumi na mbili jioni. Sasa fikiria data milioni 1 zimeingia hivyo, kutafuta ya mwisho ni hatua milioni 1, na kwa AVL hazifiki hata 30. Ndio maana wanahisabati Adelson-Velsky na Landis, ambao jina AVL limetoka kwao, waliubuni 1962.

Rudia zoezi kwa AVL: ukiweka 3 mti unazungushwa kushoto, yaani 1 inashuka kushoto na 2 inapanda juu, utazungusha tena kwa 5, 6 na 7, na ukimaliza 4 ndio iko kwa mzizi, yaani juu kabisa. Haijatoka hivyo? Angalia urefu wa pande mbili kila ukiingiza namba, wengi huruka hapo. Kisha jaribu 3, 1, 2, hiyo inataka kuzungushwa mara mbili na walimu wanaipenda sana kwa mtihani.