Data za setlaiti ya Uhuru ziko wapi saa hii?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Babu yangu husema zamani Wataliano walirusha setlaiti ya Uhuru pale jukwaani baharini, hapa kwetu Ngomeni. Nauliza, vile ilivyopima bado vipo ama vilishatupwa? Na kama vipo vyafaa nini leo na mitambo yote ishakuwa mipya? – Kijana wa Ngomeni, Malindi

JIBU: Waleikum salaam mwanangu. Babu yako hajakudanganya. Ilirushwa 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ndo ikapewa jina hilo, na ilikuwa setlaiti ya kwanza duniani ambayo kazi yake yote ni kutafuta eksirei za angani, maana hewa yetu huzizuia, huku chini hazifiki. Ikafanya kazi mpaka Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ilitoka 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei hizo, na mpaka leo iko mtandaoni kwenye hifadhi ya NASA, bure kabisa, hata wewe na simu yako hapo barazani waifungua.

Faida yake? Anga la 1971 huwezi kurudi kulipima tena. Halafu data za zamani zina mambo. Voyager 2, chombo cha NASA, ilipita sayari ya Uranus Januari 1986, watu wakasoma, wakaandika, wakamaliza, kumbe 2020 wanasayansi wawili wa NASA wakazipitia tena zile namba za sumaku kwa makini zaidi wakaona kitu cha sekunde 60 tu ndani ya safari ya masaa 45: donge la gesi yenye umeme likichomoka kwenye sayari likienda zake. Miaka 34 limelala kwenye faili!

Lakini kuweka nako ni kazi. Kanda za asili za Apollo 11, ile safari ya watu wa kwanza kutua mwezini, zilifutwa zikarekodiwa vitu vingine, kisa kanda zilikuwa haba (hiyo huniuma mpaka leo wallahi). Kanda za Lunar Orbiter, vyombo vilivyoupiga mwezi picha miaka ya 1966 na 1967, zenyewe zilibaki, shida ikawa mashine za kuzisoma, zimebaki chache na zote mbovu, ikabidi mafundi wazifufue ndani ya jengo lililokuwa hoteli ya chakula ya McDonald's huko California.

Na hata ukiisoma kanda, namba bila maelezo ni kama daftari la madeni la mwenye duka aliyefariki: 40, 75, 120, sasa nani adaiwa, na ni shilingi ama kilo? Ndo watu wa nyota wakaleta fomati ya FITS, 1981, kila faili laanza na maandishi ya kawaida, mistari ya herufi 80 80, darubini gani, tarehe gani, kipimo gani, kisha ndo namba zafuata. Na sharti lao: programu mpya isikatae faili la zamani.

Madishi ya hapo kwenu nayo yamepokea miaka mingi data za Swift, darubini ya NASA ya 2004, zikaingia hifadhi ile ile ya Uhuru. Tafuta HEASARC, ndo jina la hifadhi hiyo, andika Uhuru. Ukurasa ni wa Kiingereza na wa kizamani kidogo, usiogope, ukikwama niandikie.