Ndege imefutwa: nauli au safari nyingine?

SWALI: Nilikuwa nisafiri kutoka Frankfurt kwenda Dar es Salaam, na saa tano kabla ya kuondoka nikajulishwa kwamba ndege imefutwa. Mhudumu wa kaunta ananihimiza nikubali kurudishiwa nauli, ilhali tiketi mpya ni karibu mara mbili ya ile. Tiketi ya kuendelea hadi Mwanza niliinunua kando. Nifanyeje?
Msomaji, Ujerumani

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali kwanza. Kwa kuwa safari yako inaanzia katika nchi ya Umoja wa Ulaya, inalindwa na Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, ambayo humpa abiria, wala si shirika, haki ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli, kusafirishwa mapema iwezekanavyo kwa njia nyingine, au kusafiri siku nyingine inayomfaa, nafasi zikiwapo. Ukishachagua fedha, wajibu wa kukufikisha Dar es Salaam unakwisha, na tofauti ya nauli itatoka mfukoni mwako.

Mwambie mhudumu, ikiwezekana kwa maandishi, kwamba umechagua kusafirishwa, kisha mtajie mwenyewe ndege zenye nafasi, hata za mashirika mengine kupitia Addis Ababa au Istanbul, maana mwenye foleni ndefu mbele yake hatakutafutia. Chakula na malazi wakati wa kusubiri ni juu ya shirika, tunza risiti. Fidia ya euro 600 ni dai jingine, nalo hukataliwa chanzo kikiwa jambo lisiloepukika, kama vile dhoruba.

Tiketi ya Mwanza haimo katika ulinzi huo wa kusafirishwa upya, kwa hiyo pigia simu shirika lile leo, kabla ndege yao haijaondoka bila wewe.