Usisaini daftari la lindo kabla hujazunguka

Mkuu, tochi iache kwanza. Umeandika kwamba Jumatatu unaanza zamu ya ulinzi ya usiku kwenye yadi ya makontena hapo Dar, unauliza tochi gani, buti gani, na usingizi wa alfajiri unaushinda vipi. Halafu katikati, kama jambo la kupita tu, umechomeka kwamba mwenyeji wako kakwambia "ukifika saini tu daftari, jamaa wa mchana huwa anawahi gari, mengine utayaona ukiwa unazunguka." Hapo nikaweka chai chini.

Usisaini.

Nakwambia mimi niliyesaini. Yadi ilikuwa kama hiyo yako, kampuni siitaji. Jamaa wa mchana nilimkuta kashavua sare, begi mgongoni. Supavaiza wetu, mtu wa maneno matamu, alikuwa ametujaza kwamba kukagua lindo mbele ya mwenzako ni kumwita mwizi. "Hapa sisi ni familia, tunaaminiana." Nikaandika "nimepokea lindo, hali shwari", nikatia saini, nikakabidhiwa kirungu na filimbi, nikajiona kamanda.

Na usiku ule, wallahi, sikusinzia. Wanaosema walinzi tunalala wangekuja siku ile. Nilizunguka mpaka mbwa wa yadi wakaacha kunifuata. Kila kontena nilimulika lakiri, kile kifungo chenye namba kinachoonyesha mlango haujafunguliwa, na kila lakiri iko mahali pake, nzima. Asubuhi akaja mwenye mzigo na wakala wake wa forodha kufungua kontena la vitenge. Namba ya lakiri ikasomwa, ikalingana na makaratasi. Lakiri ikakatwa, mlango ukafunguka. Marobota ya mbele hayapo.

Walipita wapi? Lakiri hawakuigusa kabisa. Ile inafungwa kwenye mkono wa komeo la mlango wa kulia, na mkono wenyewe umeshikiliwa na ribiti, kile kipini cha chuma kilichogongwa kikabana moja kwa moja. Mtu anaitoboa ribiti kwa drili, anachomoa mkono pamoja na lakiri yake ikiwa salama, anafungua mlango, anachukua chake, anarudisha kila kitu, mahali pa ribiti anaweka boliti na kupaka rangi. Wewe ukimulika kutoka mbali unaona lakiri inang'aa, unashukuru Mungu, unaendelea na doria.

Rangi ile ilikuwa imekauka kau. Drili ina kelele, na usiku ule sikusikia hata panya. Ukiniuliza mimi, kazi ilifanyika mchana, au hata kabla kontena halijaingia yadini. Lakini aliyenihoji hakuuliza rangi imekauka lini. Alifungua daftari akaniuliza, "Hii saini ya nani?" Yangu. Saa 12 jioni nilishaandika kwa mkono wangu kwamba kila kitu nimekipokea kizima. Basi kilichopotea kilipotelea kwangu. Macho niliyokodoa usiku kucha yalikuwa yanalinda mzigo ambao haumo.

Sasa sikia kuhusu familia. Supavaiza aliitwa, akasema bila kupepesa, "Utaratibu wetu ni mlinzi kukagua kabla ya kupokea, umo kwenye mkataba." Na kweli umo, ukurasa wa mwisho, maandishi ya sisimizi. Petro angalau alipomkana bwana wake alitoka nje akalia. Huyu alitoka nje kuagiza supu. Mimi nikapelekwa mahabusu, ambako nilipata usingizi wangu wa zamu, kwa hiyo siwezi kusema nilikosa kila kitu.

Baadaye kesi iliishia njiani, lakini mshahara waliukata wote, nikanyamaza nikidhani ndiyo haki yao. Si haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri hakukati kwa hasara mpaka iwe imetokana na kosa lako kazini, akueleze kwa maandishi sababu, kiasi na hesabu yake, upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Mgogoro wa namna hiyo unaupeleka CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Mimi nilijua hayo siku zikiwa zimeshapita, kutoka kwa muuza magazeti.

Kuna mtu anasema ukikagua sana utaonekana mnoko. Ndugu yangu, onekana mnoko. Nenda saa nzima kabla ya zamu, mwambie jamaa wa mchana "twende wote", mkae mnagusa. Kugusa, si kumulika. Soma namba ya lakiri uilinganishe na orodha, kisha shika mkono wa komeo uutikise, papasa ribiti, papasa bawaba. Ukikuta boliti mahali pa ribiti, gundi, au rangi inayonuka wakati kontena zima limechakaa, hiyo ndiyo habari yako. Usiifungue, usiisogeze. Iandike, mwite supavaiza aje aione kabla kalamu haijagusa sehemu ya saini. Daftari piga picha kwa simu yako kila siku, maana kurasa nazo huwa zinachanika zenyewe.

Usingizi: lala mchana, uji usishibe sana, saa 9 usiku simama usikae. Na tangu saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi sheria hiyohiyo inakupa nyongeza ya asilimia 5, waulize. Mengine uliyouliza nimeyasahau.

Siku hizi mimi naandika hivi: "Nimepokea lindo saa 12:25 jioni, tumezunguka wote wawili, makontena yaliyoguswa ni haya, kontena la mstari wa pili karibu na ukuta lina boliti mpya mlangoni, sijalipokea." Anayekabidhi atanuna, atasema gari lake limeondoka. Mwambie la saa moja lipo.