Maswali ya Wasomaji: Linux ya watu wa kujitolea, itabeba kazi yangu?

Meseji nyingi za mwezi huu zimeuliza kitu kimoja kwa namna tofauti, kwa hiyo safu nzima nimeiachia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta unaowekwa badala ya Windows.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina steshenari hapa Nkuhungu, kompyuta mbili za mezani na laptopu moja ya mtumba Core i5 kizazi cha nne, zote Windows 10. Fundi anasema Windows 11 hazipokei, anataka anipigie Linux Mint ambayo ni ya bure. Mi huo ubure ndo unanitia wasiwasi, kitu cha watu wasiolipwa kikigoma saa nne asubuhi wanafunzi wamejaa na flashi mkononi namlilia nani? Halafu umeme wa huku unaujua mwenyewe.
*Mwenye steshenari, Nkuhungu, Dodoma*

JIBU: Salama dada yangu, pole na majukumu. Fundi wako kasema kweli. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, sasa mashine isiyopata tena viraka vya usalama halafu inachomekwa flashi za kila anayepita barabarani, hapo mi nisingelala.

Kuhusu kutolipwa, angalia nani yuko nyuma ya nani. Mint ilianzishwa na Clement Lefebvre mwaka 2006 na mpaka leo inaishi kwa michango, lakini imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine ambayo ina kampuni, na Ubuntu nayo imejengwa juu ya Debian, ambayo ni ya watu wa kujitolea toka 1993. Hao Debian ndo nataka uwaelewe maana utulivu wote unaanzia kwao. Programu mpya kwao haiji moja kwa moja kwa mtumiaji, inaingia kwanza tawi la wajaribuji, ikikaa bila kuleta matata inasogezwa tawi la pili, halafu wakikaribia kutoa toleo wanafunga mlango, hakiingii kipya, ni kurekebisha makosa tu kwa miezi kadhaa, ndo maana toleo lao linatoka kila baada ya miaka miwili hivi. Unachopata wewe ni vitu vya zamani kidogo ila vimeshapigwapigwa. Mint 22 imetoka Julai 2024 na viraka vyake vinaendelea mpaka 2029, na katikati hapo hakuna mtu atakuja kukubadilishia mpangilio bila wewe kutaka.

Kwa hiyo mfumo wenyewe kuganda ganda mi sio wasiwasi wangu kwako. Wasiwasi wangu ni printa. Kuna printa inachomekwa na hapo hapo inachapa bila hata kuwekewa draiva, yaani programu ya kuiendesha, na kuna nyingine mtengenezaji hajahangaika na Linux kabisa, utahangaika nayo mpaka ukate tamaa uiseme Linux vibaya wakati tatizo ni draiva. Kabla hujafuta chochote mwambie fundi aiwashe Mint kutoka kwenye flashi, inafanya kazi bila kugusa hata diski, hapo chapa kurasa kadhaa, skani kitambulisho, jaribu wai-fai, jaribu na ile mashine ya kutoa kopi kama imeunganishwa. Kikikataa kimoja unazima, Windows yako iko pale pale.

Kitu cha pili ni kazi za Word. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inazifungua, ila mwanafunzi akileta ripoti yenye majedwali na font ya Calibri, kama kompyuta haina font yenye upana ule ule mistari inasogea, ukurasa wa 12 unamwagikia wa 13 na yaliyomo yote yanakuwa uongo. Hakikisha fundi anaweka Carlito badala ya Calibri na Liberation badala ya Times New Roman na Arial, vipimo vyake vinalingana. Na wazoeshe wateja kuja na PDF, hiyo haisogei popote.

Umeme sasa. Mint inatumia ext4, mfumo wa mafaili unaoandika kwanza kwenye daftari lake kazi inayotaka kufanya, umeme ukikatika katikati, ukiwasha inasoma daftari na kujinyoosha, mara nyingi hata hutajua. Lakini ile barua uliyokuwa unachapa haikusevu inaenda. Weka LibreOffice ijisevu yenyewe kila dakika 2, na kama hela inaruhusu nunua UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, hata ndogo. Mwisho, washa Timeshift siku ya kwanza kabisa, inatunza picha ya mfumo, apdeti ikiharibu kitu unarudi ilivyokuwa jana. Ila Timeshift kwa kawaida haitunzi mafaili yako, kazi za wateja zinataka bakapu ya peke yake.

SWALI: Bro mi nasoma UDOM, nilipiga Linux moja ile ya kuapdetiwa kila siku haina matoleo, ilikuwa inaruka sana, juzi naapdeti usiku kesho yake nina prezentesheni, kuwasha asubuhi skrini nyeusi. Rafiki zangu wanasema Linux zote ndo zilivyo. Ni kweli?
*Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Sio kweli mdogo wangu, na pole sana. Mifumo ya aina hiyo inakupa kitu kipya karibu siku hiyo hiyo kinapotoka, ndo uzuri wake, ila kazi ya kuangalia kama kitagombana na mashine yako inabaki kwako. Arch, moja ya Linux za aina hiyo, wenyewe wanasema soma taarifa zao kabla ya kuapdeti. Kama unajifunza nayo endelea, ina faida, lakini usiapdeti ukiwa na kazi ya kesho, na bando lako pia litakuwa limeshaisha kabla mwezi haujafika. Kwa laptopu ya kusomea weka Debian 13 au Mint. Skrini nyeusi baada ya apdeti mara nyingi ni kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, kugombana na draiva ya kadi ya picha, kwa hiyo washa, kwenye ile menyu ya mwanzo chagua kerneli ya zamani kama bado ipo, mara nyingi inawaka na unaokoa slaidi zako.

SWALI: Hao wanaojitolea wakichoka je? Na mtu mbaya akijifanya anajitolea?
*Msomaji, Kondoa*

JIBU: Yote yameshatokea. Antergos, Linux iliyojengwa juu ya Arch, waliacha Mei 2019 kwa kukosa muda, ilikuwa timu ndogo. Ian Murdock aliyeanzisha Debian alishafariki Desemba 2015 na Debian haikuyumba, maana ina watu wengi na katiba. Na kampuni nayo inaacha, CentOS 8, Linux ya bure iliyo chini ya kampuni ya Red Hat, watu waliahidiwa mpaka 2029, Desemba 2020 wakaambiwa mwisho ni 2021. Mi nasema angalia ukubwa na umri wa jamii kabla ya kuangalia mshahara.

Mtu mbaya alijipenyeza kwenye xz, programu ya kubana mafaili, kazi ya miaka, akagundulika Machi 2024. Aliyemgundua ni mhandisi wa programu Andres Freund, aliona kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde akafukua. Sumu ilikuwa imefika matawi ya majaribio ya Debian, toleo tulivu halikuguswa.

SWALI: Laptopu yangu RAM ni GB 4. Niweke ipi?
*Msomaji, Mpwapwa*

JIBU: Mint Xfce, lile toleo jepesi la Mint. Usifungue tabo nyingi za brauza.