Audrey Hepburn: lipi la kweli, lipi la WhatsApp?

Dada, umeuliza kama ni kweli Audrey Hepburn, yule mwigizaji wa filamu, aliandika yale maneno ya "ukitaka midomo mizuri, sema maneno mema", na kama mali yake yote aliiachia UNICEF, maana unataka kumtaja kwenye hotuba ya kikundi chenu.

Maneno yale si yake. Ni ya Sam Levenson, Mmarekani mchekeshaji. Audrey aliyapenda na kuwasomea wanawe, basi watu wakambandikia. Ile picha yake nyeusi na nyeupe inayozunguka WhatsApp, iliyoandikwa maneno hayo juu yake, haithibitishi chochote. Hata mimi naweza kuitengeneza kwa simu dakika mbili.

Mali nayo, waliorithi ni wanawe wawili, Sean na Luca. Ukikutana na "aligawa yote", uliza wosia unasemaje.

Kazi yake na UNICEF ndiyo haina shaka, nayo inatosha hotuba nzima. Alikuwa balozi mwema wao; mwaka 1988 alikwenda Ethiopia, na Septemba 1992 alikuwa Somalia wakati wa njaa. Alifariki Januari 1993, miezi minne tu baadaye. Hayo yamo kwenye kumbukumbu za UNICEF wenyewe na magazeti ya wakati ule, yenye tarehe. Anzia huko, siyo kwenye kurasa za mashabiki, ambazo (nazipenda, lakini) hunakiliana makosa.

Na usiache kutaja kwamba yeye mwenyewe aliteseka kwa njaa utotoni, Uholanzi, majira ya baridi ya 1944.