Anwani Niliitoa kwa Ajili ya Mzigo Mmoja

Swali la wiki hii lilitutaka wasomaji tueleze tunafanya nini na barua pepe za matangazo ambazo kampuni za mtandaoni hututumia bila sisi kuziomba. Najibu nikiwa mtu ambaye barua pepe ni kitendea kazi chake. Nina duka dogo la steshenari hapa Morogoro, na wateja wangu wengi ni wanafunzi ambao siku hizi hawaji na flashi kwa kuogopa virusi, bali hunitumia kazi zao usiku ili asubuhi wazikute zimechapwa na kujalidiwa.

Miaka miwili iliyopita niliagiza wino wa printa kwenye duka moja la mtandaoni. Fomu ilidai anwani ya barua pepe, nami nikaijaza nikijua ni ya kunijulisha mzigo umefika wapi. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na kisanduku ambacho tayari kilikuwa kimewekwa tiki, na sikukiona. Wino ulifika salama, lakini tangu siku hiyo nikawa naletewa viatu, masufuria, mapazia na punguzo ambalo kila siku huambiwa linaisha usiku wa leo.

Asubuhi moja mwezi Juni alikuja binti mmoja kuchukua ripoti yake ya utafiti, ambayo mwisho wa kuiwasilisha ulikuwa saa sita mchana. Nilimwambia kwamba sijapokea kitu. Akanionyesha kwenye simu yake kwamba aliituma saa saba usiku, na mkono uliokuwa umeshika simu ulikuwa unatetemeka. Tuliikuta kwenye pipa la barua zilizofutwa, katikati ya matangazo kumi na saba ambayo nilikuwa nimeyachagua yote kwa pamoja na kuyafuta nilipofungua duka. Aliondoka saa tano na nusu, kurasa zikiwa bado na joto la mashine. Kuanzia siku hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba tangazo halimdhuru mtu, kwa kuwa anaweza kulifuta tu.

Kwanza nilibofya kiungo cha kujiondoa kilichokuwa chini ya barua zao. Kilinitaka niingie kwa nywila ya akaunti ambayo sikukumbuka kuifungua. Kuingia katika orodha yao hakukuhitaji hata nijue, lakini kutoka kulihitaji nywila! Hapo ndipo nilipowaandikia rasmi, nikataja tarehe niliyonunua, nikaeleza kwamba sitaki taarifa zangu zitumike tena kwa matangazo, na nikaitaja sheria kwa jina lake. Barua zilikoma kabla ya wiki kwisha.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inampa mtu haki ya kumtaka aliyekusanya taarifa zake aache kuzitumia kwa matangazo ya biashara. Anayepuuzwa anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya namna hiyo tangu 2019. Watoa huduma wa barua pepe nao wamebana: kuanzia mwaka 2024 Google na Yahoo zinawataka wanaotuma matangazo kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja na walitekeleze ombi ndani ya siku mbili. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na maandishi madogo ya chini, tazama juu ya barua, karibu na jina la mtumaji, kama kuna kitufe cha kujiondoa.

Yote hayo nayasema kuhusu kampuni unayoifahamu. Barua ya mtu usiyemjua usiifungulie kiungo chochote, hata kile cha kujiondoa, kwa sababu kukibofya kunaweza kumthibitishia kwamba anwani yako ina mtu. Iweke alama ya barua taka na uendelee na shughuli zako. Nimezuia pia picha zisijifungue zenyewe, kwa kuwa matangazo mengi hubeba kijipicha kisichoonekana kwa macho, ambacho kikipakuliwa humjulisha mtumaji kwamba umefungua barua yake na saa uliyoifungua. Kwa ununuzi wa mtandaoni nimefungua anwani nyingine kabisa, na ile ya duka imebaki ya wateja.

Ninayeandika haya nami nina anwani za watu, tena mamia. Mwaka jana jirani yangu mwenye nyumba za kupangisha aliniomba orodha ya wanafunzi ili awatangazie vyumba, na alikuwa tayari kunilipa. Nilimweleza kwamba walinipa anwani zao ili niwachapie kazi, si kwa jambo lingine. Nikampa karatasi na gundi, akabandika tangazo lake kwenye mlango wa duka langu, na hadi leo lipo pale. Anayetafuta chumba hulisoma, asiyetafuta hupita.